Kabla ya kuuliza "Nani alikula pesa za wakulima?"

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mjadala wetu jana usiku, nimeyaandika kwa wale waliokosa. Kama kawaida yetu, hapa hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Ni hoja tu.

Kampeni zikianza, lazima mtu apande jukwaani aseme: "Wakati wa korona wakulima walitengewa mabilioni. Nyinyi mliona hata shilingi?" Umati unajibu, "Hatukuona!" Mpinzani wake anaapa kwamba wakulima walisaidiwa. Sisi huku mtandaoni tunachagua upande na kutukanana hadi asubuhi. Lakini hao wawili wote wanaweza kuwa wanasema kweli.

Tuanze na pesa yenyewe. Mei 23, 2020 serikali ya kitaifa ilitangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake, bilioni 3 zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, kwa vocha za kielektroniki. Bilioni 1.5 zilikuwa za kuwasaidia wakuzaji maua na mboga kufikia masoko ya nje.

Sasa piga hesabu. Bilioni 3 kwa watu 200,000 ni shilingi 15,000 kila mmoja, tena si pesa mkononi, ni vocha. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya kaya milioni 6 zinazolima. Kwa hivyo hata kama hakuna senti iliyoguswa, kati ya kaya 100 za wakulima, karibu 97 zilikuwa nje tangu siku ya kwanza. Jirani yako kukosa si ushahidi wa wizi. Na kutaja "bilioni tatu" si ushahidi kwamba wakulima walisaidiwa.

Halafu angalia tarehe. Mwisho wa Mei, mahindi ya Bungoma na Trans Nzoia yako shambani tayari. Mbolea ya kupandia ukiitangaza wakati huo unamsaidia nani? Na yule ambaye nyanya zilimwozea kwa sababu soko lilifungwa na kafyu ikamzuia lori, shida yake haikuwa mbegu. Alikosa mnunuzi.

Lakini swali kubwa kuliko yote ni orodha. Nani aliandika majina? Mipango ya aina hii hutaka kitambulisho, nambari ya simu na shamba linalojulikana. Mama anayelima ekari moja iliyo kwa jina la bwanake, au kijana aliyekodisha shamba, anaingia wapi? Anayeamua nani ni "mkulima" ameshagawa pesa kabla hazijatoka Nairobi.

Hapo ndipo serikali mbili husukumiana mzigo. Katiba iliwapa magavana kilimo cha mashinani, lakini sera ya kilimo ilibaki kwa serikali ya kitaifa. Chifu ni wa serikali ya kitaifa, afisa wa kilimo wa wadi ni wa kaunti. Ukimuuliza mmoja, anakutuma kwa mwingine. Kwa hivyo waulize wote wawili, kwa maandishi.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiombe nambari za simu za watu, hizo ni siri zao. Omba mambo matatu: idadi ya waliopata katika kila wadi, vigezo vilivyotumika, na tarehe vocha zilipotoka.

Basi mgombea akija kwenu na stori ya mabilioni, awe wa serikali au wa upinzani, usimpigie makofi kwanza. Mwambie: tuonyeshe hesabu ya wadi yetu. Akiwa nayo, tutakaa tumsikilize.

Maswali yawekeni hapa chini, nitajibu.