Mkopo wa Elimu ya Juu Haupotei kwa Kuhama: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata ya Mohoro



Tangu mwaka 2016 shule za Serikali hufundisha bila ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Kwa sababu hiyo, si ajabu mzazi kudhani kwamba chuo kikuu nacho ni bure kwa kila anayefaulu. Sivyo. Chuo kikuu kina ada, na msaada mkuu wa Serikali ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizihamisha kaya nyingi katika bonde la Mto Rufiji. Je, kijana ambaye familia yake imehama Mohoro amepoteza haki ya kuomba mkopo? Hajapoteza. Bodi hutazama uraia, udahili na uhitaji; haitazami wilaya anakoishi mwombaji. Wala cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Rufiji hakipungui nguvu kwa sababu kijiji walikohamia kimo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji.

Kwingine mambo ni tofauti. Huko Scotland, mwanafunzi mkaazi hulipiwa ada ya shahada ya kwanza, ilhali anayetoka England hujilipia. Zanzibar nayo ina bodi yake, inayowahudumia Wazanzibari.

Hata hivyo, ukaazi una kazi yake katika kumthibitisha mwombaji. Fomu husainiwa na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, kisha huthibitishwa na hakimu au wakili. Kiongozi hawezi kumgongea muhuri mtu asiyemfahamu. Basi aliyehama na ajitambulishe mapema kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji anakoishi sasa.

Yapo pia mambo ya vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Kilichochukuliwa na maji hutafutiwa nakala: mhusika huanza polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha huenda RITA, ambayo wilayani hupatikana kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mwenye ulemavu hujaziwa fomu na Mganga Mkuu wa Wilaya, na aliyetoka katika kaya ya TASAF hutumia namba ya kaya hiyo.

Linalowaumiza vijana zaidi ni vifo visivyosajiliwa. Kijiji kizima chaweza kujua kwamba mtoto ni yatima, lakini bila cheti cha kifo, mbele ya Bodi huhesabiwa kuwa na wazazi wote wawili. Msiba ukiisha, usajili usisahauliwe.

Ikumbukwe pia kwamba mkopo ni deni. Marejesho huanza miezi 24 baada ya kuhitimu, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, na likifungwa limefungwa. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tano leo bado ana muda: na avitoe vyeti sandukuni, aone kipi kipo na kipi hakipo.