Habari ya Mkrismasi wa Ua Wetu
(Hotuba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Leo mmeketi juani, nasi twajua sababu. Mkrismasi uliotupa kivuli katika ua wa Chama haupo tena, na sisi wa Halmashauri ndio tulioamuru ukatwe.

Wakati wa ukavu mti ule ulipukutisha majani yote, ukabaki matawi matupu na makaka meusi. Mzee mmoja alitushauri tungoje mvua. Hatukungoja. Shoka lilipoingia tuliona chini ya gome ukijani na maji: mti ulikuwa hai. Kosa ni letu, na twaomba radhi.

Asili ya mti huu ni kisiwa cha Bukini, ndiyo Madagaska. Huku pwani umepata jina lake kwa kuwa maua yake mekundu huonekana karibu na Krismasi. Ukavu ukizidi humwaga majani ili usipoteze maji. Mvua zikirudi, huchipua. Basi kabla ya kuuhukumu, kwaruza gome la kijitawi kwa ukucha. Ukiona kijani, uache. Ukiona pakavu, jaribu tawi jingine la chini yake.

Tumeazimia kupanda mwingine. Mbegu zake zina ganda gumu. Kwa hiyo tutazimwagia maji ya moto na kuziacha zilowe usiku kucha kabla ya kuzipanda. Mche utanyweshwa maji mpaka ushike. Hatutaupanda mahali pa zamani, kwa maana mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, huweza kuinua sakafu na kupasua ukuta. Tena matawi yake hutanda kama mwavuli, na upepo mkali huyavunja upesi. Tumepima hatua 15 kutoka nyumbani.

Mti utokao kwa mbegu waweza kukaa miaka 5, hata 10, kabla ya kutoa maua. Twajua maana ya hesabu hiyo kwa wazee waliomo humu, nasi hatuwezi kuwarudishia kivuli chao. Twaweza kutoa ahadi moja tu, nayo twaomba iandikwe katika kitabu cha Chama: tangu leo mti wo wote wa ua huu usikatwe kabla wazee hawajaulizwa.