Njia ya Kufika Uwanjani na Sifa za Uwanja



Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 lilizikabidhi serikali za kaunti bustani za umma, fuo na viwanja vya burudani. Swali la mahali pa kuweka uwanja si la serikali kuu tena, linajadiliwa huku mashinani. Basi si vibaya kutazama mchezo mmoja wa ugenini ambao wachezaji wake wamezoea kuupa alama kila uwanja wanaokanyaga. Mchezo huo unaitwa gofu ya diski.

Si mgumu kuuelewa. Badala ya kigongo na mpira mdogo, mchezaji hurusha diski ya plastiki kutoka mahali palipotiwa alama hadi kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Vikapu aghalabu ni 18, pengine 9, na anayevimaliza kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Miti huachwa isimame, na viwanja vingi vimo ndani ya bustani za umma ambako hakuna kiingilio. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, karibu na Pasadena, jimbo la California, Marekani. Aliyeubuni ni Ed Headrick, ambaye pia ndiye aliyevumbua kikapu cha minyororo. Angalieni alivyofanya: hakuutafutia msitu wa mbali, aliuweka kwenye bustani ambayo watu walikuwa wakiitumia tayari.

Siku hizi wachezaji wana programu ya simu iitwayo UDisc. Mtu akimaliza kucheza huupa uwanja nyota, na kila mwaka hutolewa orodha ya viwanja bora duniani kutokana na maoni hayo. Jina lililowahi kuongoza orodha hiyo ni Maple Hill, uwanja ulioko Leicester, jimbo la Massachusetts. Umo katika shamba la miti ya Krismasi, zaidi ya kilomita 60 kutoka jiji la Boston, na kuucheza ni kwa malipo. Si mahali ambapo mtu wa Boston atapitia jioni akitoka kazini.

Je, ni uwanja mzuri? Bila shaka. Lakini jiulizeni ni nani anayempa nyota zake. Ni yule aliyeamua tangu mapema, akatenga siku nzima, akatia gari mafuta na kulipa langoni. Mtu wa namna hiyo anaupenda mchezo kabla hata hajafika, na aliyegharamia safari ndefu si mwepesi wa kusema alikoenda hakukuwa na maana. Asiye na gari hakufika. Asiye na nafasi hakufika. Mwanafunzi anayeanza kujifunza naye hakufika, na wote hawa hawakuacha nyota yoyote, nzuri wala mbaya. Kwa hiyo uwanja wa mbali hupimwa zaidi na wapenzi wake.

Uwanja wa mjini hauna bahati hiyo. Chukueni mfano wa Klambratún, bustani iliyo katikati ya Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, yenye vikapu 9 juu ya nyasi za wazi. Fundi wa mchezo hawezi kuuita mgumu, na akiulinganisha na uwanja wa msituni atauona wa kitoto. Ila hapo anaweza kufika mama na mwanawe kwa miguu, au kijana mwenye saa moja tu na diski ya kuazima. Uwanja kama huo huhukumiwa na kila mtu: mjuzi, mgeni, mpita njia anayeogopa diski isimgonge, na mkazi anayekuja mara tatu kwa wiki hadi akalijua kila benchi lililovunjika. Haishangazi malalamiko yakiwa mengi. Mengine ni ya haki kabisa, kwani diski ikirushwa kwa nguvu huumiza, na njia ya watembeao haifai kukatiza mbele ya mrushaji.

Tena kufika langoni si mwisho wa safari. Mgeni anaweza kusifu vikapu vitano vya mwanzo, kisha asione kibao cha kumwelekeza kwenye cha sita, akazunguka vichakani nusu saa. Nyota zikipungua hapo, kosa si la uwanja wenyewe bali la kibao cha mbao kisichogharimu sana. Na mwenye kiti cha magurudumu akikuta ngazi mahali palipoweza kuwa na mteremko, kwake uwanja ule uko mbali kuliko Leicester.

Lakini ukaribu nao una gharama yake, na hapa jiji la Austin, Texas, lina funzo zito. Uwanja wa Pease Park ulikuwa kando ya kijito cha Shoal, hatua chache kutoka katikati ya jiji na karibu na Chuo Kikuu cha Texas. Watu waliupenda mno. Nyayo zikawa nyingi kuliko ardhi iliyoweza kustahimili, udongo ukamomonyoka, miti ikaumia, na mwaka 2011 ukafungwa. Wachezaji walipewa uwanja mwingine katika bustani ya Roy G. Guerrero, kusini-mashariki mwa jiji. Wangesoma sifa peke yake, wenye mji wasingeona hatari hiyo ikija.

Vikao vya maoni ya umma kuhusu mipango na bajeti ya kaunti ndivyo mahali pa kuuliza mambo haya, iwe uwanja unaopendekezwa ni wa kandanda, bustani ya watoto au mchezo usiojulikana bado. Kutoka stejini ni dakika ngapi kwa miguu, na wakati wa masika njia hiyo hupitika? Vyoo viko wapi? Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni atapata muda wa kucheza kabla giza halijaingia? Na udongo ukianza kuliwa na maji, ni idara gani itakayeleta mchanga na miche, na fedha zake zimeandikwa kwenye fungu gani la bajeti?