SOMO LA REDIO: KUOMBA NAFASI YA KUJITOLEA NG'AMBO

Fungueni madaftari. Leo nataka kusema nanyi juu ya vijana wetu wanaotaka kwenda ng'ambo kufanya kazi kwa muda na kujifunza desturi za watu wengine.

Tutumie mfano mmoja. Serikali ya Ujerumani ina mpango uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008. Hapo kwanza ulipeleka vijana wa Ujerumani katika nchi nyingine, Tanzania ikiwa mojawapo. Tangu mwaka 2013 njia ina pande mbili: vijana wetu nao huenda kule. Hufanya kazi katika shule za watoto wadogo, nyumba za wazee na mahali pa kuwatunza wenye ulemavu. Kwa kawaida hukaa mwaka mmoja. Anayeomba sharti awe na umri wa miaka 18 hadi 28.

Sikilizeni vizuri. Hii si kazi ya mshahara. Kijana hupewa malazi, chakula, bima na fedha kidogo za matumizi. Kisha hurudi nyumbani. Anakwenda na ujuzi wake, anarudi na ujuzi wa wenzake.

Waombaji ni wengi, nafasi ni chache. Basi mwombaji afanye nini?

Kwanza, apitie chama cha hapa nchini kinachoshirikiana na chama cha Ujerumani. Aulize ofisi yake iko wapi, tena azungumze na mtu aliyekwisha kwenda na kurudi.

Pili, aandike barua ya kweli. Ijibu maswali manne: Mimi ni nani? Hapa kijijini nafanya kazi gani? Kwa nini nataka kwenda? Nikirudi nitafanya nini? Aliyefundisha watoto kuimba, au aliyemwuguza bibi yake, aandike hivyo. Hayo ni mambo makubwa. Asijisifu kwa asiyoyaweza, maana ataulizwa uso kwa uso.

Tatu, atengeneze cheti cha kuzaliwa na pasi mapema. Pasi za elektroniki zilipoanza mwaka 2018, ada iliwekwa kuwa shilingi 150,000. Hulipwa serikalini, haipiti mkononi mwa mtu.

Nne, nafasi haiuzwi. Mnapopeleka korosho ghalani hamwondoki bila stakabadhi. Na hapa iwe vivyo hivyo.

Mzee mmoja alinijia ofisini na barua. Binti yake ameahidiwa kazi Ulaya, akatakiwa kupeleka fedha kabla ya Ijumaa. Mzee alikuwa tayari kuweka rehani shamba lake la mikorosho. Nikamwambia, "Mzee wangu, nisomee." Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama alivyojifunza darasani. Alipomaliza alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, kazi yenyewe haikutajwa. Mji haukutajwa. Fedha imetajwa mara mbili."

Hakupeleka hata senti. Binti aliomba upya kwa njia ya haki. Mwaka ule hakuchaguliwa. Aliumia, baba yake pia. Lakini shamba lipo, na barua yake ameiweka aitengeneze vizuri zaidi. Asiyechaguliwa leo hajapoteza kitu, ila aliyetapeliwa hupoteza mali na imani pia.

Ninyi wazazi msiseme, "Mambo haya ni ya wasomi." Karatasi ikiletwa nyumbani, isomeni wenyewe kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Neno msilolijua, ulizeni.

MASWALI
1. Mpango wa weltwärts ulianza mwaka gani?
2. Mzee alijuaje kwamba barua haikuwa ya kweli?
3. Andika sentensi tatu juu ya kazi unayoifanya vizuri hapa kijijini.

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.