TAPETI MPYA KWA KAMSHAFTI MPYA

Hotuba iliyosomwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama wa tawi



Nimeombwa kuzungumza juu ya kuchagua tapeti wakati injini ya gari inapoongezwa nguvu. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya matajiri wenye magari ya mashindano, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Gari ni la tajiri, lakini anayefunga tapeti ni mfanya kazi, na injini ikiharibika mshahara unaotazamwa kwanza ni wa mfanya kazi. Wengi wenu mko magaraji, na wengine hushika spana baada ya zamu ili kuongeza chakula cha nyumbani. Basi tusikilizane.

Kwanza, tapeti ni nini? Kamshafti ina nundu. Nundu ikizunguka huinua tapeti, tapeti husukuma pushrodi, pushrodi husukuma roka, na roka hufungua valvu. Krankshafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka nusu yake, yaani mara 3,000. Kwa hiyo kila tapeti huinuliwa mara 50 kwa kila sekunde moja, na springi ya valvu inaikandamiza wakati wote. Hakuna mahali pengi katika injini ambapo chuma hukandamiza chuma kwa nguvu kiasi hicho.

Pili, aina za tapeti. Ziko tapeti ngumu na tapeti za haidroli. Na kila moja yaweza kuwa bapa au ya roli.

Tapeti ngumu ni chuma kitupu. Huachiwa nafasi kidogo kwenye valvu, nayo hupimwa kwa fila. Ina kelele, na hutaka kurekebishwa mara kwa mara, lakini huvumilia mwendo wa kasi. Tapeti ya haidroli ina chumba cha oili ndani yake, nayo hujirekebisha yenyewe. Haina kelele wala haitaki fila. Lakini injini ikizungushwa kupita kiasi, na springi zikishindwa kuirudisha valvu kwa wakati, tapeti hiyo hujaa oili na kuizuia valvu isifunge sawasawa. Hapo nguvu hupotea. Tena bloku isiyo na njia ya oili kwenye matundu ya tapeti haiwezi kulisha tapeti za haidroli, hata mwenye gari akitamani namna gani.

Sasa bapa na roli. Sisi watu wa reli tofauti hii tunaijua vizuri. Gurudumu huviringika juu ya reli, na kwa hiyo hudumu. Kiatu cha breki husugua gurudumu, na kwa hiyo huisha. Tapeti ya roli huviringika juu ya nundu. Tapeti bapa husugua. Ndiyo sababu injini kubwa za dizeli za treni hutumia roli. Katika magari ya Marekani, Ford ilianza kutia tapeti za roli katika V8 yake ya lita 5.0 mwaka 1985, na Chevrolet ikafuata katika V8 yake ndogo mwaka 1987. Roli huruhusu nundu kuwa na mgongo mnene zaidi, ili valvu ifunguke upesi na ikae wazi. Lakini roli hutaka kamshafti yake yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili yake, na hutaka kizuizi cha kuishika isigeuke ubavu. Usiweke roli juu ya kamshafti ya tapeti bapa, wala tapeti bapa juu ya kamshafti ya roli.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye siri ambayo mafundi wengi hawakuambiwa. Tapeti bapa si bapa. Uso wake umebinuka katikati, chini ya unene wa unywele, na nundu nayo imelazwa upande kidogo sana. Hivyo viwili vikikutana, tapeti huzunguka katika tundu lake kila inapoinuliwa, na kulika kwake huenea sawasawa. Roli haitakiwi kugeuka; tapeti bapa isipozunguka inakufa. Na baada ya kazi ya miaka, kila tapeti bapa huwa imezoeana na nundu yake moja tu. Kwa hiyo kumbukeni sheria hizi tatu:

1. Kamshafti mpya, tapeti bapa mpya. Hakuna ruhusa.

2. Kamshafti ya zamani iliyo nzima yaweza kupewa tapeti mpya.

3. Kamshafti na tapeti za zamani zikirudishwa, kila tapeti irudi tunduni mwake. Zipangeni katika sanduku lenye namba kabla hamjanawa mikono.

Je, tapeti ya zamani utaitambuaje? Chukua rula ya chuma iliyonyoka, iweke juu ya uso wa tapeti, kisha itazame kuelekea mwangaza. Ikiwa rula yagusa katikati, na mwanga waonekana kidogo pembeni, uso ungali umebinuka. Ikiwa mwanga wapita katikati, tapeti imebonyea kama sahani. Hiyo ukiiweka chini ya nundu mpya, itaikwangua mpaka iwe mviringo kama shafti tupu.

Nitoe mfano wa injini moja ambayo wengi tunaifahamu, Ford Kent ya Escort. Mwaka 1970 Hannu Mikkola wa Ufini na Gunnar Palm wa Uswidi walishinda mashindano ya kutoka London mpaka Mexico, mwendo wa maili 16,000 hivi, kwa Escort yenye injini ya Kent ya pushrodi. Ford ilikuwa na injini nyingine zenye kamshafti 2 juu, lakini kwa safari ile ndefu ilichaguliwa iliyo nyepesi kutengenezwa na yenye kustahimili. Mwaka 1972 watu hao hao wawili walishinda Safari Rally yetu kwa Escort RS1600, na hiyo ndiyo iliyokuwa na kamshafti 2 juu. Fundisho ni kwamba spea huchaguliwa kwa kazi iliyo mbele, si kwa sifa.

Kent ya 1600 ina tapeti ngumu 8. Tapeti zake zina kichwa kipana kama uyoga upande wa chini, nazo huingizwa kutoka chini ya bloku. Ili kubadili kamshafti inafaa injini itolewe, sampu ifunguliwe, na bloku ipinduliwe. Basi hesabuni wenyewe. Mwenye gari akikataa kununua tapeti 8 leo, na kamshafti ikaliwa kesho, injini itatolewa tena yote, na vumbi la chuma litakuwa limekwisha kupita katika beringi na pampu ya oili. Ameokoa shilingi akapoteza noti.

Mkienda kununua, angalieni mambo haya. Pima kipenyo kwa maikromita, kwa maana tapeti hufanana machoni tu. Za V8 za Chevrolet ni inchi 0.842, za Ford inchi 0.874, na za Chrysler inchi 0.904. Tia oili nyepesi, uiingize tunduni. Iteleze kwa uzito wake na izunguke kwa vidole. Linganisha urefu na ile ya zamani, maana ukibadilika, pushrodi nazo huenda zikabadilika. Uliza aliyetengeneza kamshafti ni chuma gani cha tapeti kinachopatana na chuma chake. Springi nazo zifuate kadi ya kamshafti. Zikiwa legevu valvu huelea, zikiwa kali mno hula tapeti bapa.

Hata tapeti nzuri yaweza kufa katika nusu saa ya kwanza. Paka nundu na nyuso za tapeti grisi maalum ya kamshafti. Jaza oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kwa sababu oili nyingi za petroli za siku hizi zimepunguziwa dawa hizo ili zisiharibu mtambo wa kusafisha moshi. Kama springi ni mbilimbili, toa za ndani kwa muda. Injini ikiwaka tu, ipandishe mpaka mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, uishike hapo kwa dakika 20, ukipandisha na kushusha kidogo. Usiiache ingurume polepole, kwa sababu hapo oili inayorushwa juu ya nundu ni chache, na springi huikandamiza ncha ya nundu kwa nguvu yake yote.

Ndugu wanachama, yupo mwenzetu mmoja aliyeamriwa na mwenye garaji kufunga kamshafti mpya juu ya tapeti za zamani. Alisema hapana, akaambiwa afanye au aende. Baada ya siku chache nundu mbili zililika, na mshahara wake ukaanza kukatwa. Lakini mtu huyu alikuwa ameandika siku ile ile katika kitabu cha kazi, "Tapeti zimebonyea, nimeshauri mpya, nimeamriwa kuendelea." Tena alizitunza zile tapeti. Wajumbe wetu walikwenda na rula ya chuma, wakaiweka juu ya tapeti mbele ya mwenye garaji, na mwanga ukapita katikati. Makato yalirudishwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, huruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi amekosa kwa makusudi. Aliyeonya na kuandika hakukosa kwa makusudi.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu: pimeni, andikeni, na msitupe spea ya zamani kabla gari halijakubaliwa na mwenyewe. Fundi mwenye ujuzi lakini bila maandishi ni kama dereva wa treni asiye na tokeni. Hata akienda vizuri, akiulizwa hana la kuonyesha.

Umoja ni nguvu.