Analala Matisi, Anapigia Kura Kwingine



Uchaguzi unapokaribia katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, gumzo huwa lile lile: Wabukusu watamfuata nani, Wasabaoti wataegemea wapi, Wakikuyu na Waturkana watampa nani. Kabila lina uzito, sibishi. Ila katika wadi ndogo, ukitaka kujua ni wangapi watajitokeza, uliza kwanza mtu amejiandikisha wapi na ana umri gani.

Matisi ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Saboti. Iko viungani mwa Kitale, mji uliokuzwa na walowezi wa Kizungu na reli iliyofika mwaka 1926. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa, watu wakaja kutoka Bungoma, Kakamega, Vihiga na mbali zaidi kutafuta ardhi. Machafuko ya kisiasa ya 1991–1992 na ya 2007–2008 yakawahamisha wengine. Leo wenye ardhi wanaishi bega kwa bega na wapangaji.

Chukua ploti ya vyumba kumi vilivyopangana kwa mstari. Mwenye ploti hutembea hadi shule ya msingi iliyo jirani, anapiga kura, anarudi kunywa chai. Mpangaji wake, mwendesha bodaboda, alijiandikisha kwao Webuye alipopata kitambulisho. Kwake kura ni nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na pato la siku nzima. Akienda, anaichagulia Webuye mwakilishi wadi, ilhali mtaro unaofurika mlangoni pake uko Matisi. Asipoenda, pande zote mbili zimempoteza.

Hata kalenda ya mila ina mkono wake. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka shufwa, na uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 uliangukia mwaka wa tohara. Mbukusu aliyejiandikisha kwao alikuwa na sababu mbili za kupanda matatu. Mwaka 2027 atakuwa na moja tu.

Umri nao una hesabu yake. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40 ya wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa nchini, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 tangu 2017. Waliojitokeza kitaifa walishuka kutoka takriban asilimia 86 mwaka 2013 hadi 65 mwaka 2022. Lakini asilimia hiyo hupimwa kwa sajili, na sajili ina kasoro: ukaguzi uliofanywa na kampuni ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta humo marehemu zaidi ya laki mbili. Kwa upande mwingine, kijana ambaye hakujiandikisha hahesabiwi kabisa kuwa amesusia. Wadi inaweza kusifiwa kwa kujitokeza vizuri huku nusu ya wapangaji wake hawamo kwenye daftari.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye kiti cha mwakilishi wadi. Mshindi hahitaji nusu ya kura. Inatosha awatangulie wenzake. Wakijitokeza wagombea watano wa jamii moja kubwa, kura zao hugawanyika, na mwenye kundi dogo lililoshikamana anaweza kupenya. Hapo ndipo ploti chache za wapangaji waliojiandikisha mahali wanapoishi zingeweza kuamua nani atasimamia barabara, taka na basari.

Mjadala wa kabila unawafaa wanasiasa kwa sababu hauwagharimu chochote: kabila la mtu halibadiliki, lakini kituo chake cha kura kinabadilika. Kwa hiyo naiomba tume ya uchaguzi, IEBC, ipeleke makarani wa usajili karibu na ploti, stendi za bodaboda na vyuo vya Kitale, jioni watu wakiwa wametoka kazini. Nanyi wapangaji wa Matisi, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Hamisheni usajili wenu wa kura mapema, na aliyefikisha miaka 18 achukue kitambulisho chake. Anayelipa kodi ya nyumba Matisi ana haki ya kuchagua anayeiongoza Matisi.