Mwendo wa Gari na Mwendo wa Injini



Tumeombwa tuseme machache juu ya gari la chama chetu, lililochukua wagonjwa wetu na kutufikisha misibani, ambalo injini yake imekufa kabla ya wakati wake. Wengi wenu mmekwisha kumhukumu dereva. Sisi wa kamati twasimama leo kuungama kwamba kosa ni letu.

Mtakumbuka kwamba tulimwonya dereva kwa barua asipige injini resi, maana tuliisikia ikivuma sana alipopanda kilima cha Newala kutoka upande wa Masasi. Tukamwamuru ashike gia ya juu na kwenda taratibu, tukidhani twaokoa petroli na kuirefushia injini maisha. Pole pole ndio mwendo, tulimwandikia. Naye akatii. Baada ya miezi michache injini ilianza kugonga, kisha ikanyamaza kabisa. Fundi alipoifungua alikuta beringi za shafti zimelika.

Sababu yake ni hii. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huzunguka mara 120,000 kwa saa moja, na katika kila mzunguko pistoni hupanda na kushuka. Mizunguko ikiongezwa maradufu, nguvu inayoivuta pistoni na mkono wake haiongezeki maradufu, bali mara nne. Kwa hiyo ni kweli kwamba resi nyingi ya muda mrefu huchakaza injini. Hilo tulilijua.

Tusilolijua ni la pili. Pampu ya oili huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka polepole mno, oili husukumwa kwa nguvu haba, na utando wake kati ya shafti na beringi huwa mwembamba. Papo hapo dereva akikanyaga mafuta katika gia ya juu, gari lina mzigo na kilima ki mbele, kila mlipuko wa silinda huugandamiza utando ule hata chuma kikakutana na chuma. Hivyo injini yaweza kuangamia huku gari lakwenda kama mtu atembeaye kwa miguu.

Basi heri ni kati na kati. Magari mengi madogo ya petroli hufanya kazi vema kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika. Ya dizeli, chini kidogo. Kilimani, au katika mchanga wa Msimbati, gia ishushwe mapema, kabla injini haijatetemeka. Katika kuteremka, gia ya chini huzuia gari na kuziponya breki, ila isiwe ya chini mno hata mshale ukaingia penye alama nyekundu. Na asubuhi, oili ingali baridi, tusiipige injini resi hata kidogo.

Ndugu, kusini hii yakumbuka mashine zilizokufa. Mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta nchini matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani. Mengi yaliharibika upesi kwa uchakavu, kwa ugumu wa ardhi, na kwa uhaba wa mafundi na vipuri. Bandari ya Mtwara ingalipo; reli ya Nachingwea ilifungwa. Amri zilizoandikwa mbali na shamba hazikuyafufua matrekta yale, wala barua yetu haikuliokoa gari letu.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, barua ile ya onyo iondolewe katika jalada la dereva, na fedha iliyokatwa katika mshahara wake irudishwe. Pili, tangu leo, katika habari ya gia, aulizwe yeye aliyeshika usukani, kwani ndiye aisikiaye injini. Sisi karani twasikia kalamu tu.

Tumekwisha.